Kampavani, Oktoba na upepo wa Outer Hebrides

Swali: Tuko Leicester, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 9. Tumekodi kampavani, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, ya urefu wa mita 6 kwa siku 8, nusu ya pili ya Oktoba. Tunataka kuanzia Barra, kusini kabisa mwa Outer Hebrides, visiwa vya magharibi mwa Uskoti, tupande kisiwa kwa kisiwa mpaka Butt of Lewis kaskazini, tukilala kando ya fukwe. Mume wangu hajawahi kuendesha gari kubwa kuliko Corolla. Watu wanatutisha kuhusu upepo. Tuahirishe, au kuna namna ya kwenda salama?

Jibu: Nendeni, dada, lakini hiyo safari ya Barra mpaka Butt of Lewis iwekeni mpaka mwaka mwingine, tena mwezi Juni. Kwa siku 8 za Oktoba shikeni Lewis na Harris peke yake. Pandeni meli ya Ullapool, bandari ya bara, kwenda Stornoway, mji wa Lewis, na kabla ya meli ya kurudi muwe na siku moja nzima isiyo na mpango wowote.

Sababu ya kwanza haihusiani na upepo. Ni hesabu ya barabara. Leicester mpaka Ullapool ni takriban maili 525. Kwa gari linalokwenda taratibu, na mtoto ndani, hizo ni siku mbili za kwenda na mbili za kurudi. Siku 8 zimebaki 4. Toa ya akiba, zimebaki 3. Kama mkataba unaruhusu kubadili mahali pa kuchukulia gari, ulizeni kuhusu Inverness, maana kutoka hapo Ullapool ni maili 57 tu, na nyinyi wenyewe mtafika Inverness kwa treni au ndege. Mtaokoa siku mbili au zaidi. Isipowezekana, safari bado ni nzuri, ila iwe ya kisiwa kimoja.

Nasema kimoja kwa sababu Lewis na Harris, pamoja na kuwa na majina mawili, ni nchi kavu moja. Hakuna feri katikati. Ukivuka Harris kwenda kusini ndipo mambo yanapogeuka. Kutoka Leverburgh kuna feri ndogo ya saa moja mpaka Berneray. Kutoka Berneray, visiwa vya North Uist, Benbecula, South Uist na Eriskay vimeungwa kwa matuta ya barabara yaliyojengwa juu ya bahari. Kutoka Eriskay kuna feri nyingine ndogo ya dakika 40 mpaka Barra. Hizo feri mbili ndogo ndizo zinazoangusha mipango ya watu. Mlango wa Sound of Harris una maji haba, miamba na mafungu ya mchanga. Feri hupita ikipinda huku na huku kufuata maboya, na hupita mchana tu. Ukizidi upepo, maji yakipwa sana, au giza likiwahi, haiendi. Aliyeko Barra Jumatano na tiketi ya kutoka Stornoway Ijumaa anategemea feri mbili ndogo kwanza ndipo aione ile kubwa. Ikikwama ya kwanza, zote zimempita.

Na msidhani kutokea Barra moja kwa moja ni rahisi zaidi. Castlebay mpaka Oban ni karibu saa 5 baharini, na ile njia ya Mallaig kwenda Lochboisdale, South Uist, inajulikana kwa kuahirishwa au kuhamishiwa Oban wakati wa baridi. Ullapool–Stornoway nayo huahirishwa, tena si mara moja, lakini meli yake ni kubwa, safari ni kama saa 2 na nusu, na mkikwama Stornoway mmekwama kwenye mji wenye hospitali, maduka makubwa na kambi ya magari yenye umeme. Mkikwama Eriskay, hamna hayo.

Kuhusu tiketi. Kampuni ya feri ni CalMac, na ratiba ya baridi huanza ndani ya Oktoba, kwa hiyo hakikisheni mnasoma ratiba ya tarehe zenu. Gari hulipiwa kwa urefu. Pimeni wenyewe kwa futi ya kupimia, kutoka bampa mpaka ncha ya kibebeo cha baiskeli nyuma, wala msiandike urefu ulio kwenye tangazo la kukodi. Sentimita 30 za kibebeo zinaweza kuwapeleka kwenye bei nyingine, au kukuta nafasi mliyokata haitoshi. Jiandikisheni kupata ujumbe wa simu wa hali ya feri. Hali ya hewa ikiiahirisha, huhamishiwa safari nyingine au kurudishiwa fedha, lakini kwenye safari nyingine nafasi za magari marefu ndizo huisha kwanza. Mkiona dhoruba inatangazwa siku mbili mbele, pigeni simu mhamie meli ya mapema kabla foleni haijaanza. Wenyeji hufanya hivyo hivyo.

Mtego mmoja wa majina: Tarbert ziko zaidi ya moja Uskoti. Ya kwenu ni ya Harris; nyingine ni ya Argyll, mbali kabisa kusini. Uig nazo ni mbili: moja ni bandari ya Skye, nyingine ni wilaya ya Lewis yenye fukwe. Kwenye ramani ya simu andikeni msimbo wa posta, msiandike jina. Na vibao vya barabarani visiwani vimetanguliza Kigaeli: Steòrnabhagh ni Stornoway, An Tairbeart ni Tarbert, An t-Òb ni Leverburgh. Mume wako asipoyajua hayo matatu atapita njia panda akitafuta jina ambalo halikuandikwa, au limeandikwa kwa herufi ndogo chini.

Sasa upepo. Mnapofungua utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, acheni namba ya upepo wa wastani, soma ile ya dharuba, mapigo ya ghafla, kwa maili kwa saa. Wastani wa maili 30 unaweza kubeba dharuba za 50, na kinachosukuma gari ni dharuba. Mkisikia utabiri wa mabaharia, eneo lenu linaitwa Hebrides, na upande wa bara ni The Minch, mlango wa bahari mtakaouvuka. Humo upepo hupewa namba ya nguvu, kipimo cha Beaufort: nguvu ya 8 ni maili 39 hadi 46 kwa saa, ya 9 ni 47 hadi 54, ya 10 ni 55 hadi 63, na hizo ni wastani. Dharuba ziko juu yake.

Nguvu ya upepo haipandi sambamba na mwendo wake. Mwendo ukiwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Kampavani ya mita 6 yenye kimo cha mita 2.6 ina ubavu wa karibu mita 14 za mraba. Dharuba ya maili 50 kwa saa ikiupiga ubavu huo moja kwa moja inasukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 500. Ikifika maili 70 ni karibu tani moja. Gari la tani 3 halipinduki kirahisi kwa kilo 500, lakini linahama njia, na barabara nyingi huko ni za gari moja, pembeni ni matope ya mboji.

Kwa dereva mgeni na gari refu, mipaka ya busara ni hii. Dharuba chini ya maili 35 kwa saa: aendeshe. Kati ya 35 na 45: aendeshe kwa maili 30 hadi 40, mikono miwili kwenye usukani, na mwepuke barabara za juu na za pwani ya magharibi. Kati ya 45 na 55: safari ya lazima tu, fupi, mchana. Zaidi ya 55: gari lisiondoke lilipo. Mipaka hiyo si sheria ya serikali. Dereva mzoefu wa lori ataiona ya woga, na yeye ana haki yake.

Pa kuangalia zaidi ni pale kizuizi kinapokatika. Barabara ya A859 kutoka Stornoway kwenda Tarbert, kama maili 37, ina njia mbili na ni nzuri, lakini inapita begani mwa Clisham, mlima wa mita 799 ulio mrefu kuliko yote ya visiwa hivyo. Chini ya mlima upepo unaweza kutulia kabisa, kisha kona moja mbele ukashuka bondeni kwa kishindo. Dereva aliyekuwa amepinda usukani kupambana na upepo hujikuta amepinda bure pale upepo unapokatwa na jabali, au na lori linalopishana naye. Dawa ni mwendo mdogo kabla ya kona. Kusahihisha usukani baada yake ni kuchelewa.

Matuta ya Uist, ikiwa siku moja mtafika, yana hatari yao. Upepo wa magharibi ukikutana na bamvua na kanieneo ya chini, yaani mgandamizo mdogo wa hewa, mawimbi huvuka barabara; kila hektopaskali moja, kipimo cha kanieneo, inayoshuka huipandisha bahari kama sentimita moja, kwa hiyo kitovu cha dhoruba cha 965, badala ya 1013 ya kawaida, kinaongeza karibu nusu mita juu ya maji yaliyokwisha jaa. Januari 2005 watu watano wa familia moja walifariki South Uist usiku wa dhoruba walipokuwa wakikimbia bahari kwa magari. Baraza la visiwa, Comhairle nan Eilean Siar, hufunga matuta hayo hali ikitishia. Likifungwa, halina njia ya mzunguko.

Barabara nyingi nje ya njia kuu ni za gari moja, zenye sehemu za kupishana zilizowekewa kibao cheupe. Sehemu ikiwa kushoto kwako, ingia. Ikiwa kulia, simama mkabala nayo umwache mwenzio aingie. Usivuke kwenda kulia. Anayekufuata kwa haraka mpishe pia, maana huenda ni muuguzi au mzazi anayewahi shule, na sehemu hizo si za kupiga picha wala kupikia chai. Kubwa kuliko yote: usiweke tairi kwenye nyasi za ukingoni ili kumpisha mtu. Zinaonekana ngumu, chini yake ni mboji iliyolowa, na gari la tani 3 huzama mpaka ekseli kwa sekunde chache. Ni afadhali kurudi nyuma mita 80. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Leicester, mume wako achukue saa moja kwenye uwanja mtupu wa maegesho ajifunze kurudi nyuma kwa vioo tu. Gari la aina ya Fiat Ducato lina upana wa mita 2.05 bila vioo, na sehemu yake ya nyuma iliyopita tairi hufagia upande wa pili mnapokata kona. Aandike kimo na upana kwenye karatasi aibandike karibu na usukani.

Ile barabara ya mashariki mwa Harris inayoitwa Golden Road, na ile ya kwenda Hushinish, ni nzuri sana na ni nyembamba sana. Zisiwe za siku ya kwanza, wala za siku ya mvua ya ubavu. Pwani ya magharibi, Luskentyre mpaka Leverburgh, ni rahisi zaidi na ndiyo yenye fukwe mlizoziona kwenye picha.

Tuje kwenye kulala kando ya fukwe. Wengi wameambiwa kwamba Uskoti mtu hulala popote. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa haki hiyo anayekwenda kwa miguu au baiskeli. Gari lenye injini halimo. Nyasi tambarare nyuma ya fukwe, machair, ni mchanga wa makombe uliofunikwa na ngozi nyembamba ya majani. Tairi likiichana, upepo wa baridi hupanua kidonda hicho mpaka mchanga wote unaondoka. Ni mashamba ya watu na malisho yao. Tumieni nafasi zilizotengwa. West Harris Trust, shirika la wenyeji, lina nafasi za magari pwani ya magharibi, nyingine zenye umeme. Horgabost iko juu ya ufuo kabisa. Hushinish kuna jengo lenye bafu. Laxdale iko nje kidogo ya Stornoway. Eoropie iko kaskazini karibu na Butt of Lewis. Baadhi ya kambi hufunga mwishoni mwa Septemba au Oktoba, kwa hiyo pigeni simu kwa kila moja mkiwa bado nyumbani, muulize maswali mawili: mko wazi tarehe hizi, na nafasi zenu ni za kokoto au za nyasi? Oktoba chukueni kokoto. Gari linalosukumwa na tairi za mbele, kama mengi ya kukodi, haliwezi kutoka kwenye nyasi zilizolowa lenyewe, hasa likiwa limebeba mzigo nyuma.

Likikwama, asikanyage mafuta. Tairi likizunguka hapo hapo linajichimbia kaburi. Wekeni mkeka wa mlangoni au vipande vya mbao mbele ya tairi zinazosukuma, wote washuke isipokuwa dereva, atoe kwa gia ya pili taratibu. Kabla ya safari tafuteni ndoano ya kuvutia gari iko wapi na jaribuni kuifunga, kwa sababu baadhi zina nyuzi za kinyume na watu hupigana nazo kwenye mvua wakidhani zimeharibika.

Mkifika kambini, geuzeni pua ya gari ielekee upepo unaotarajiwa usiku, si ule wa saa hizo. Dhoruba nyingi za huko huanza kwa upepo wa kusini au kusini mashariki, kisha huhamia magharibi na kaskazini magharibi, mara nyingi ukizidi ukali baada ya kugeuka. Ukilala umeelekea kusini, usiku wa manane unapigwa ubavuni. Angalieni utabiri wa kila saa, na kama upepo utageuka sana, chagueni upande wa dharuba kubwa zaidi. Ukuta au jengo la kukinga ni zuri ikiwa gari liko upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, mita chache nyuma yake. Nyuma ya kilima chenye mteremko mkali si pazuri kila mara. Upepo huporomoka pale kwa vishindo vinavyochosha kuliko upepo ulionyooka. Turubai la pembeni lisifunguliwe kabisa safari hii. Gari likiwa na paa la kuinuka, lishushwe dharuba zikipita 35 hivi, binti alale chini.

Pua kuelekea upepo ina faida nyingine, nayo ni milango. Milango ya mbele ina bawaba upande wa mbele; upepo ukitoka nyuma huikamata kama tanga na kuipindua mpaka bawaba zikunjike. Hiyo ni hasara ya kawaida kwa magari ya kukodi visiwani, na huenda bima ya kukodi isiilipe, kwa hiyo someni kifungu hicho mapema. Kanuni ya nyumbani iwe: mlango mmoja kwa wakati, mkono mmoja kwenye mpini na mwingine kwenye fremu, mtoto hafungui mlango wowote. Madirisha ya paa yafungwe mpaka lachi isikike; likibaki wazi kidogo tu, dharuba hulinyofoa.

Joto na unyevu ndiyo mambo yanayoharibu likizo kuliko upepo wenyewe. Nje kutakuwa na nyuzi 7 mpaka 12, si baridi ya kuganda, lakini mvua inapigwa ya ubavu na kila nguo inalowa. Watu watatu wakilala ndani hutoa kama lita moja ya maji kwa pumzi na jasho usiku mmoja. Ongeza makoti matatu yaliyolowa. Watu wakiona vioo vinatiririka huziba matundu ya hewa ili joto lisitoke, na hapo wamekosea mara mbili: unyevu hauna pa kutokea, na hewa ya kupumua inapungua. Matundu ya sakafuni na ya paa yanayokaa wazi muda wote yamewekwa kwa usalama wa gesi; msiyafunike hata kwa taulo. Washeni hita usiku kucha kwa kiwango cha chini badala ya kuiwasha na kuizima, futeni vioo asubuhi kwa kitambaa, fungueni mlango wa upande wa demani dakika 10. Makoti yaning'inizwe bafuni, mlango wa bafu ufungwe na dirisha lake dogo la paa liachwe na upenyo ikiwa upepo unaruhusu.

Jiko lisitumike kupashia joto, hata dakika tano. Kilo moja ya propeni ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yote yanabaki ndani na kulowesha magodoro, na jiko lisilopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu. Hita ya gari ni tofauti kwa sababu hutoa moshi wake nje kupitia bomba. Pimeni king'ora cha kaboni monoksaidi kwa kubonyeza kitufe siku mnayochukua gari. Kisipolia, msiondoke mpaka wabadilishe.

Iombeni kampuni iwawekee mtungi wa propeni, ambao Uingereza ni mwekundu, badala ya buteni wa bluu. Buteni huacha kugeuka mvuke kwenye karibu nyuzi sifuri, na mtungi unaotumika kwa kasi hujipoza wenyewe, kwa hiyo hata nje kukiwa na nyuzi 6 moto unaweza kufifia alfajiri. Hita ya kawaida ya gesi ikifanya kazi kwa kilowati 2 hula takriban gramu 160 kwa saa. Saa 10 ni kilo 1.6. Mtungi wa kilo 6 kwa hita, chai na ubwabwa ni siku 3 au 4. Muwe na miwili, mmoja ukiwa umejaa. Hita ikizima usiku wa dhoruba kisha ikakataa kuwaka, mara nyingi ni upepo unaoingia kwenye bomba la moshi. Geuzeni gari kidogo kabla ya kudhani limeharibika. Vivyo hivyo friji ya gesi: mwali wake hupulizwa kupitia matundu ya ubavuni, basi usiku huo iwekeni kwenye umeme. Kama hakuna umeme izimeni tu, hewa ya Oktoba ni friji ya kutosha kwa maziwa.

Umeme wa kambi huwa wa ampea 10 au 16. Kwenye 10 una wati 2,300 hivi. Birika la wati 2,000 na hita ya plagi kwa pamoja vitaangusha swichi ya kambi, na saa 4 usiku hakuna wa kuirudisha. Hita ya plagi iwe ya wati 750 hadi 1,000. Msitegemee paneli ya sola. Katikati ya Oktoba urefu wa mchana wa Stornoway ni kama saa 10 na theluthi, jua likiwa chini na mawingu mazito. Mwisho wa mwezi ni kama saa 9. Saa zikirudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, jua linatua kama saa 10 na dakika 40 jioni. Hiyo inagusa udereva pia: kila siku muwe mmeegesha saa 9 alasiri, mkiwa na mwanga wa kuchagua nafasi.

Jumapili Lewis na Harris ni siku ya ibada, na watu wanaishika kweli. Meli ya Jumapili kutoka Stornoway ilianza 2009 tu, na duka la Tesco la mjini lilianza kufungua Jumapili Novemba 2024. Nje ya Stornoway hesabuni kwamba hakuna duka, hakuna mafuta. Jazeni tangi, maji na chakula Jumamosi mchana, na siku nyingine zote jazeni mafuta yakifika nusu. Kaseti ya choo, lile tangi dogo la uchafu linalochomolewa, kwa watu watatu hujaa kwa siku 2. Imwagwe mahali pa kambi palipotengwa tu, na dawa iwe ile ya kijani, kwa sababu nyumba na kambi nyingi zina tangi la maji machafu ambalo vijidudu vyake huuawa na dawa ya bluu. Kama mnaswali, Stornoway ina msikiti tangu 2018. Nyama halali bebeni kutoka Leicester ikiwa imegandishwa.

Siku ya dhoruba yenyewe gari likae na nyinyi mtoke kwa miguu au msitoke. Kama mmeegesha Stornoway, makumbusho ya Museum nan Eilean kwenye Lews Castle yana vipande sita vya sataranji vya Lewis, vilivyochongwa kwa pembe za walrasi na kugunduliwa Uig mwaka 1831. Mtoto wa miaka 9 atavipenda, hasa yule askari anayeng'ata ngao ikiwa yumo kwenye vilivyoonyeshwa. Siku ya afueni nendeni Arnol mkaone nyumba ya kale ya mawe: kuta mbili nene, pembe za mviringo, paa la majani lisilotokeza nje ya ukuta hata kidogo na lililofungwa kwa kamba zenye mawe. Hakuna upepo wa kushika. Nguzo za mawe za Calanais ziko barabara hiyo hiyo, na unafuu mmoja wa Oktoba ni kwamba wale visubi wanaouma majira ya joto wamekwisha.

Melini, fungeni valvu ya mtungi wenyewe, si swichi ya jikoni peke yake. Wekeni gia na breki ya mkono. Zimeni king'ora cha wizi cha ndani kama kina kitambuzi cha mwendo, la sivyo wimbi la kwanza litakiamsha na kitalia tena na tena na kula betri. Vyombo vyote vishushwe chini na kabati zifungwe. Vidonge vya kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Vikimezwa baada ya kuanza kuyumba havikai tumboni. Baada ya hapo hamruhusiwi kurudi kwenye gari, kwa hiyo bebeni koti na chakula cha mtoto.

Mkishuka Ullapool, kwenye kituo cha kwanza chenye maji ya presha osheni chini ya gari na breki, chumvi isije ikakaa siku mbili za njiani. Pigeni picha za bawaba za milango yote, paa na bampa ya nyuma siku ya kuchukua na siku ya kurudisha. Kabla hata hamjalipa, waulizeni kwa maandishi kama mkataba unaruhusu gari kuvuka feri na kama huduma ya kuvutwa likiharibika inafika visiwani, kwa sababu kulirudisha gari bovu kutoka Harris mpaka bara, pamoja na nafasi yake melini, hulipwa na aliyesaini.